Mizani Ikigoma, Hesabu Huanza Upya kwa Mwili wa Sasa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini uzito hugoma kushuka kwa mtu anayeendelea kupunguza chakula na kufanya mazoezi, na afanye nini ili ushuke tena. Kabla ya kustaafu uuguzi nilihudumu katika kliniki ya kisukari na shinikizo la damu hapa Mtwara, ambako swali hili niliulizwa karibu kila siku ya kliniki, mara nyingi na watu waliokuwa wamejitahidi kwelikweli. Jibu langu ni kwamba mtu huyo, kwa kawaida, hajalegea wala hana mwili wa ajabu. Anaendelea kula na kutembea kwa hesabu ya mwili aliokuwa nao mwanzo, ilhali mwili alionao sasa ni mwingine, mdogo kuliko ule, wenye mahitaji madogo na njaa kubwa.

Hata hivyo, kabla ya kubadili chochote, inafaa kuhakikisha kwamba uzito umekwama kweli, kwa kuwa mizani hupima mwili pamoja na maji yake na chakula kilichomo tumboni. Katika wiki za kwanza za kupunguza chakula mwili hutumia akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni, iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ndiyo maana kilo mbili tatu za mwanzo huondoka kwa kasi inayomfurahisha kila mtu, na kasi hiyo ikiisha, wengi hudhani wamekwama wakati mafuta bado yanaendelea kupungua. Baadaye maji hayohayo hufanya kinyume: ng'onda na papa wenye chumvi nyingi, siku zinazokaribia hedhi, na misuli inayouma kwa mazoezi mapya, vyote huyazuia mwilini, na kilo moja ya maji inaweza kuficha kazi ya wiki tatu. Kwa sababu hiyo nilikuwa nikiwaomba wagonjwa wajipime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, mara kadhaa kwa wiki, kisha waangalie wastani wa wiki badala ya namba ya siku moja, na wapime pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Wastani ukibaki palepale kwa wiki nne, na kiuno nacho kisibadilike, hapo ndipo ninapokubali kwamba uzito umekwama.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi wamefundishwa kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kilokalori 7,700 (kilokalori ni kipimo cha nishati iliyomo kwenye chakula), kwa hiyo anayepunguza kilokalori 500 kila siku atashuka karibu nusu kilo kila wiki, wiki hadi wiki, bila kikomo. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama mwili ungeendelea kutumia nishati ileile siku zote, jambo ambalo haufanyi. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo David Polidori na Kevin Hall wa Marekani, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia kanagliflozini, dawa inayofanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Uzuri wa dawa hiyo kwa mtafiti ni kwamba mgonjwa hupoteza nishati kila siku bila kuhisi, hivyo mabadiliko ya ulaji wake hayatokani na nia yake ya kujibana bali na mwili wenyewe kudai. Walikuta kwamba kwa kila kilo iliyopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa takriban kilokalori 100.

Tumchukue mwanamke aliyeshuka kutoka kilo 92 hadi 82. Mwili wake sasa unatumia kilokalori 200 hadi 300 pungufu kila siku, na wakati huohuo njaa inamvuta ale karibu 1,000 zaidi ya alivyokuwa akila kabla hajaanza. Kama alianza kwa kupunguza 500, hana haja ya kushindwa na njaa yote ili akwame. Akiiachia robo yake tu, upungufu wote umekwisha. Sehemu kubwa ya mvuto huo hutokana na homoni inayoitwa leptini, ambayo hutolewa na seli za mafuta: mafuta yakipungua nayo hupungua, na ubongo husoma upungufu huo kama dalili ya njaa, haujali kwamba mwenye mwili anafurahia. Ninaliandika hili kwa kirefu kwa sababu nimeona wanawake wakilia mbele ya mizani kwa kuambiwa na majirani, na wakati mwingine na sisi wahudumu wa afya, kwamba wanakula kwa siri.

Kwa hiyo la kwanza ni kuhesabu upya kwa mwili wa kilo 82, kama fundi anavyopima upya kabla ya kukata kitambaa cha mteja aliyepungua. Hesabu hiyo, kwa uzoefu wangu, ianzie kwenye chungu cha mboga. Huku kusini anayejibana hupunguza ugali na wali, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana vimejaa sahanini, na mboga huiacha ilivyo. Lakini gramu moja ya wanga ina kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Mililita 100 za tui zito zina kama 230. Gramu 100 za korosho zina kama 550, na hizo gramu 100 ni konzi tatu tu za mtu mzima. Mtu anaweza kukata ugali wake nusu, akala kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga kama kawaida, na jioni akabangua korosho akiongea na wageni, akalala akiamini kwamba amekula kidogo. Kwa ujazo amekula kidogo kweli. Msimu wa korosho, unaoanza mwishoni mwa mwaka, ndio uliokuwa ukinipa kazi kubwa kuliko mwezi wa Ramadhani, kwa sababu korosho haihesabiwi na mtu yeyote kuwa ni mlo. Kwenye Ramadhani angalau kila mmoja anajua kwamba futari imezidi.

Sisemi nazi iachwe. Anayemwambia mwanamke wa Mikindani aache nazi anajiandaa kutosikilizwa, na hakuna haja. Tui la kwanza liwekewe siku maalumu na tui la pili, jepesi, litumike siku nyingine. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Korosho zihesabiwe kwenye kibakuli na mfuko ufungwe kabla ya kuanza kula. Kilokalori 250 ambazo mwanamke wetu anazihitaji kurudisha upungufu wake ni vijiko viwili vya mafuta, au konzi moja na nusu ya korosho, kwa hiyo hana haja ya kuugusa ugali wake uliokwisha kupungua. Chai ya sukari, soda na sharubati navyo vitazamwe, lakini watu wengi walikuwa wameshavipunguza walipofika kwangu.

Mpishi wa nyumba ana tatizo lake la pekee, kwani kuonja mchuzi, kukwangua ukoko na kumalizia alichoacha mtoto havimo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa na hakika kwamba miili yao haipungui hata wakila kidogo sana. Walipopimwa kwa njia za maabara, uchomaji wao wa nishati ulikuwa wa kawaida. Walichokila kilikaribia mara mbili ya walichokiandika, na mazoezi waliyoyaandika yalizidi waliyoyafanya kwa takriban nusu. Hawakuwa waongo, kwa maana kila binadamu hupunja hesabu ya aina hiyo bila kujua, na hupunja zaidi kadiri miezi inavyopita na ukali wa mwanzo unavyolegea. Mtu aliyekwama aandike kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja tu, wakati uleule anapokula, asisubiri usiku.

Kuhusu mazoezi nina maoni ambayo hayatawapendeza wote. Matembezi ya kilomita 5 humgharimu mtu wa kilo 80 kilokalori 250 hivi, na chapati moja kubwa yenye mafuta inakaribia kuzirudisha. Isitoshe, mwili hujua kubana matumizi: anayerudi kutoka matembezi ya alfajiri ufukweni Shangani hujilaza mchana, hupanda bajaji kwenda sokoni alikokuwa akienda kwa miguu, na humtuma mtoto kila kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake ulifanyika hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Matumizi yao ya nishati kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Anayejibu uzito uliokwama kwa kuongeza matembezi peke yake atachoka kabla ya mizani kukubali.

Mazoezi yasiachwe, maana yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Ninachoshauri ni kubadili sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa na karibu kila mtu niliyemhudumia. Kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma kwa mikono ukutani au sakafuni, kunyanyua madumu ya maji ya lita 5 kila mkono, vyote vinatosha kwa kuanzia. Anayepungua bila kutumia misuli hupoteza mafuta pamoja na misuli yenyewe, na misuli ikipungua matumizi ya mwili hushuka zaidi. Chakula chenye protini husaidia upande huohuo na hushibisha kwa muda mrefu. Na kwa hilo Mtwara na Lindi hatuna kisingizio, kwa kuwa dagaa, pweza, kunde na mbaazi vipo. Pweza hana mafuta ya kutisha, ila tui analozamishwa ndilo la kuangaliwa.

Usingizi nao ni sehemu ya tiba. Katika utafiti mdogo wa Chicago wa mwaka 2010, watu waliojibana chakula kwa kiwango kilekile walipungua uzito unaolingana, lakini walipopewa nafasi ya kulala saa 5 na nusu badala ya 8 na nusu, mafuta waliyopoteza yalikuwa chini ya nusu ya yale waliyopoteza walipolala vya kutosha; kilichobaki kilitoka kwenye misuli na viungo vingine. Wapo pia wanaoshauri kupumzika kujibana kwa wiki mbili kila baada ya wiki mbili. Utafiti mmoja wa Australia kwa wanaume wanene ulionyesha faida, tafiti nyingine hazikuiona. Mimi huruhusu pumziko hilo kwa mtu aliyechoka, kwa sharti kwamba ale kiasi cha kubaki palepale. Chai na vidonge vya kuharisha vinavyouzwa kama dawa za kupunguza tumbo huondoa maji tu.

Ipo hali nyingine ambayo sisi wahudumu hatuisemi vya kutosha: huenda uzito umefika mahali pake. Hata katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, dawa ya sindano ya kupunguza uzito ambayo sifa zake zimeenea duniani, uzito ulishuka kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, na mteremko wenyewe ulikuwa umeshatulia karibu na wiki ya 60 ingawa wagonjwa waliendelea kuchoma sindano. Kila njia ya kupungua ina kituo chake. Mtu aliyepunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake wa mwanzo kwa kawaida ameshapata nafuu ya shinikizo la damu na ya sukari, na kukaa mwaka mzima kwenye kilo 82 bila kurudi 92 ni kazi, tena kazi ngumu, ambayo hapongezwi nayo kwa sababu mizani haisogei. Mwanamke wetu anaweza kuamua kubaki hapo kwa miezi sita, kisha ajaribu tena.

Mwisho, kuna wachache ambao hesabu zao zote ni safi na bado uzito unapanda. Hao waende kituo cha afya wakiwa na orodha ya dawa zote wanazotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu na vile vidonge walivyonunua dukani bila cheti. Insulini, glibenklamaidi, prednisoloni, amitriptilini na baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kuongeza uzito, na mara nyingine daktari anaweza kuchagua nyingine. Mwenye kuhisi baridi kuliko wenzake, kuchoka kupita kiasi, kufunga choo na ngozi kukauka aombe kupimwa tezi ya thairoidi. Mwanamke ambaye hedhi yake hupotea miezi na nywele humwota kidevuni aeleze hilo bila aibu, kwani huenda tatizo liko kwenye vifuko vya mayai. Dawa yoyote isiachwe kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa sukari au shinikizo la damu lililokaa wiki chache bila dawa linaweza kumletea mgonjwa kiharusi au kumlaza wodini, madhara ambayo kilo 3 zilizogoma zisingemletea.

Muuguzi mstaafu,
Mtwara