Liposaksheni: ukishapata hela ya upasuaji, tafuta na wa kukuuguza

Tangu niweke zile picha za harusi ya binamu yangu, nikiwa nimevaa gauni la satini lililokaa mwilini sawasawa, meseji haziishi. Wengi mnauliza kwa kuzunguka: dada, unakunywa nini, unafanya mazoezi gani. Ila mdogo wangu mmoja wa Mwanza amekwenda moja kwa moja. Ameshakusanya hela, daktari ameshampata, mwezi ujao mwishoni kuna sendoff na yeye ni mpambe, anachotaka kujua ni kimoja tu: liposaksheni, yaani upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini, inauma?

Nimeona nimjibu hapa hapa, maana najua mko wengi mnaowaza hivyo.

Ndiyo, nilifanya. Nilinyonywa mafuta ya tumbo, ya ubavuni na zile nyama uzembe za mgongoni zinazojitokeza chini ya sidiria. Nilifanya baada ya watoto watatu, na baada ya kuhangaika kweli kweli na mwili wangu. Wali wa usiku niliuacha. Nilitembea alfajiri mpaka viatu vikaisha soli. Kilo zilishuka, nguo za zamani zikaanza kupanda mapajani, lakini kiuno kilibaki vilevile. Kwa hiyo wanaosema nilipita njia ya mkato, mimi najua nilikopita. Naliangalia umbo langu leo na ninajivunia.

Sasa maumivu. Yapo, na dawa za maumivu zipo. Siku za mwanzo mwili unauma kama umepigwa, unainuka kitandani kwa kushikwa mkono, kucheka kunauma, kukohoa kunauma. Baada ya wiki moja hivi yanapungua hadi unayavumilia. Mimi maumivu hayakunitisha. Kilichonitisha ni yale ambayo hakuna aliyeniambia, na kama mama yangu asingekuwa nyumbani kwangu sijui ningekuwa wapi. Ndiyo maana kila anayeniuliza bei, mimi namuuliza kwanza: nani atakuuguza?

Nianze na upasuaji wenyewe, nao sitauchelewesha. Asubuhi hujala wala kunywa kitu. Daktari anakusimamisha, umesimama wima, anakuchora kwa kalamu: mduara hapa, mstari pale. Anakuchora ukiwa umesimama kwa sababu ukilala mafuta yanahama na asingejua yamekaa wapi. Mimi nilisimama pale na aibu zangu zote, tumbo nje, mikono pembeni. Kisha nusu kaputi, na kilichofuata sikukiona. Baadaye nilielezwa kwamba wanatoboa matundu madogo, wanaingiza maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi na adrenalini ili mishipa inywee na damu isitoke nyingi, halafu mrija wa chuma unapitishwa chini ya ngozi kwenda na kurudi, mafuta yananyonywa. Ule mrija butu ulianza kupata umaarufu kwa daktari Mfaransa, Yves-Gérard Illouz, miaka ya 1970. Mchanganyiko wa maji na ganzi ulibuniwa na Mmarekani Jeffrey Klein miaka ya 1980, na ndio uliopunguza sana damu inayopotea. Saa chache, umemaliza.

Kazi inaanzia hapo.

Usiku wa kwanza niliamka kiuno kimelowa. Nikapapasa shuka, limeloa. Nikawasha taa, nikaona khanga yangu ya manjano imekuwa ya rangi ya waridi kuanzia kiunoni mpaka mapajani, na maji yale yanaendelea kutoka kwenye matundu. Nilijua ninakufa. Mume wangu akapiga simu hospitali, haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Ile ile namba ambayo kabla sijalipa ilikuwa inanipigia yenyewe kuniuliza nimeamua lini. Jina la hospitali naliacha, ila hiki kitu bado kinaniuma mpaka leo, na sioni haya kusema.

Mama ndiye aliyetuliza nyumba. Alitandika nailoni chini ya shuka, akanifunga pedi kubwa za uzazi kila tundu, akakaa na mimi mpaka adhana. Asubuhi daktari akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni kawaida. Na kweli ni kawaida. Yale ni sehemu ya maji waliyokuingizia, yamechanganyika na damu kidogo, na yanatoka kwa siku moja mbili. Matundu mengine huachwa wazi makusudi ili yatoke. Damu nzito nyekundu inayotoka bila kukoma ndiyo siyo kawaida. Maneno hayo machache wangeniambia jana yake, nisingelia usiku kucha. Basi nakuambia wewe: nunua nailoni ya kitanda, nunua pedi kubwa, tayarisha khanga kuukuu ambazo hutazililia.

Halafu ile nguo ya kubana. Unatoka nayo chumba cha upasuaji, inakushika kuanzia chini ya matiti mpaka mapajani, na utaishi nayo usiku na mchana, kwa kawaida wiki nne hadi sita kadiri daktari atakavyokuelekeza. Inasaidia uvimbe kushuka na ngozi kushikana na nyama. Kwa joto la Dar es Salaam, hii ni habari nyingine. Mimi nilifanya wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na bado jasho lilinichuruzika. Anayepanga kufanya Januari au Februari na feni moja chumbani, naomba afikirie tena. Na ziwe mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini.

Siku ya kuivua mara ya kwanza ukaoge, usiwe peke yako. Mama alifungua zipu na vifungo polepole, mimi nimesimama bafuni nimeshika ukuta. Ilipofika kiunoni nikaona giza, masikio yakavuma, miguu ikalegea. Alikuwa ameshaweka kigoda nyuma yangu, nikakaa. Hili nalo linatokea kwa wengi: mbano ukiondoka ghafla damu inashuka na presha inashuka nayo. Vua umekaa au umelala, kula kitu kwanza, na mlango usifungwe kwa ndani.

Mama yangu huyo huyo alitaka kunikanda. Kwao mwanamke akitoka hospitali na tumbo linauma, sufuria la maji ya moto linabandikwa, majani ya mwarobaini yanatafutwa, anakandwa kama mzazi. Alishaandaa taulo. Tulibishana, na mimi huwa simbishii mama yangu. Lakini ngozi iliyopitiwa na mrija inakufa ganzi kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Mimi nilikuwa nikijigusa kitovu nasikia kama naugusa mwili wa mtu mwingine. Ngozi ya namna hiyo haikwambii kwamba maji yamezidi moto, utaungua hujui. Wapendwa, wenye mama na shangazi wenye mapenzi makubwa, ongeeni nao mapema, kabla ya siku. Waende wote na wewe kwa daktari wasikie kwa masikio yao.

Sasa kuhusu kujiangalia kwenye kioo. Hapa ndipo wengi mnaumia moyo. Mwili unavimba. Unakuwa na mavilio ya damu ya zambarau na kijani mpaka kwenye mapaja, yanashuka chini kila siku. Mizani inaweza kuonyesha umeongezeka, kwa sababu ya maji. Wifi yangu alikuja kunitazama wiki ya pili, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hela yote ile na tumbo liko palepale." Nilimpa chai, akanywa, akaondoka. Sijasahau. Uvimbe mwingi unashuka ndani ya wiki chache, lakini umbo lenyewe linatulia miezi mitatu, wengine mpaka sita. Chini ya ngozi unapapasa mabonge magumu, ngozi inawasha mishipa ya fahamu inaporudi, upande mmoja unaweza kutangulia mwingine. Kwa hiyo mdogo wangu wa sendoff, mwezi ujao hautoshi. Utakuwa umevimba, ndani ya nguo ya kubana, huwezi kusimama saa sita kwenye viatu virefu. Sogeza upasuaji, sendoff haisogei.

Na mpime kama hii kitu ni yenu. Liposaksheni inachonga, haipunguzi uzito. Lita moja ya mafuta ni kama gramu 900, na kinachoonekana kwenye chupa si mafuta matupu, kimechanganyika na maji. Lita tano kwa mkupuo mmoja tayari ni nyingi, zinahitaji kulazwa na kuangaliwa kwa makini. Anayekuahidi kukutoa kilo ishirini kwa siku moja anakuuza. Mafuta yanayonyonywa ni ya chini ya ngozi tu. Yale ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo, yale yanayofanya kitambi kuwa kigumu kama ngoma, mrija haufiki huko na haupaswi kufika. Mwaka 2004 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa utafiti wa wanawake wanene walionyonywa mafuta mengi sana, na wiki chache baadaye presha na mwili wao kutumia sukari havikuwa vimebadilika. Kwa hiyo mwenye kisukari asijidanganye kwamba anatibiwa. Kama shida yako ni uzito wenyewe, kuna njia nyingine za kitabibu, kuna puto la tumboni, kuna upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na kwa Tanzania Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanafanya mambo ya puto. Kaulize huko.

Na kama tumbo limelegea baada ya kuzaa, ngozi inaning'inia na misuli imeachana, ukinyonya mafuta ngozi itabaki inaning'inia zaidi. Hapo ni upasuaji mwingine wa kukata ngozi na kushona misuli, nao kovu lake ni refu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuulize habari ya makovu mapema. Kama ulichanjwa au ulitoboa sikio pakaota kovu nene, mwambie daktari. Mwambie pia vidonge na sindano za uzazi wa mpango unazotumia, aspirini, dawa za mitishamba, kama una selimundu, kama kuna mtu kwenu aliwahi kuganda damu miguuni. Usimfiche kitu kwa kuogopa atakukatalia. Akikukatalia amekuokoa.

Watu wanakufa kwa upasuaji huu. Nasema wazi kwa sababu kwenye video za dakika moja hawasemi. Mwaka 2024 Nairobi mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta, Kenya nzima ikazungumza. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni. Mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa ya damu. Mrija unaweza kutoboa utumbo. Ganzi inaweza kuzidi kipimo. Ndiyo maana daktari anataka utembee siku ile ile, hata kama ni kutoka kitandani mpaka mlangoni, na ndiyo maana hutakiwi kukimbilia ndege ya saa nyingi mara tu baada ya upasuaji, ninyi mnaokwenda Istanbul na India. Ukibanwa na pumzi, kifua kikiuma, mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, homa ikipanda, tumbo likiwa gumu na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, ukitapika bila kukoma, usisubiri asubuhi. Usipakwe mafuta, usiombewe kwanza, nenda hospitali ndipo wakuombee ukiwa njiani.

Namwona kila siku binti anamchagua daktari kwa wingi wa wafuasi Instagram. Mwanamke mwenzangu, fundi wa cherehani tu tunaomba tuone alichowahi kushona, sembuse huyu. Jina lake lipo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika? Kwa Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno? Ni bingwa wa upasuaji rekebishi, au alihudhuria kozi fupi? Nani anatoa nusu kaputi, na atakuwepo mpaka mwisho? Kituo kina leseni ya upasuaji, au ni saluni yenye kitanda?

Na hela: bima hailipii urembo, kwa hiyo kila shilingi inatoka mfukoni. Usipige hesabu ya upasuaji peke yake. Weka nguo za kubana, dawa, nauli za kurudi kliniki, masaji ya kushusha uvimbe kama daktari ataielekeza, mshahara wa dada wa kazi kwa wiki ambazo hutaweza kuinua ndoo wala kumbeba mtoto. Weka akiba ya dharura isiyoguswa. Kisha kaa na mumeo, au mama, au rafiki wa kweli, mkubaliane nani atalala na wewe usiku ule wa kwanza na wa pili.

La mwisho la kumuuliza daktari, kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio: nikizidiwa saa nane usiku nampigia nani, na ataniingiza hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi? Akupe namba, na uipige hapo hapo mbele yake uone kama inapokelewa.