Kusoma ng'ambo: pesa ziwe kwa akaunti ya nani, na shahada itafaa nyumbani?

Nilipata B katika KCSE. Ni kweli Ujerumani hakuna karo? (Msomaji, Umoja)

Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi, ila si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM mjini Munich nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024. Kwingine utalipa mchango mdogo wa muhula tu.

Karo isikupumbaze, kwani penye ugumu ni kwingine. Kwanza, viza hudai uwe na euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, iitwayo Sperrkonto. Pesa hizo ni zako, lakini ukifika utaruhusiwa kutoa 992 tu kila mwezi. Pili, kwa kawaida KCSE peke yake haikuingizi shahada ya kwanza moja kwa moja. Hupitia Studienkolleg, takriban mwaka mmoja wa maandalizi, na ili uingie huko unahitaji Kijerumani cha kiwango cha kati, B1, pengine B2 kilicho juu yake. Anza lugha sasa. Goethe-Institut, kituo kinachofundisha Kijerumani, iko Maendeleo House, katikati ya jiji la Nairobi.

Mwanangu amepata nafasi Uingereza. Harambee ilifaulu na pesa zote ziko kwa akaunti ya mjomba wake. Zitakubaliwa? (Mama, Kayole)

Hapana, mama, hata mjomba akiandika barua ya kuapa. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake, au mlezi wa kisheria. Ikiwa ni yako, ambatisha cheti chake cha kuzaliwa na barua yako ya kuridhia.

Zihamishe leo, kwa sababu lazima zikae siku 28 mfululizo. Chukua mfano huu: karo ni pauni 15,000 na mmeshalipa 5,000, basi imebaki 10,000. Ongeza matumizi ya miezi tisa: nje ya London ni 1,171 kwa mwezi, jumla 10,539. Kwa hiyo salio lisishuke chini ya 20,539 hata siku moja. Siku ya 19 mgonjwa akilazwa mkatoa elfu hamsini za Kenya, na salio likashuka chini ya kiwango hicho, siku zote 19 zimepotea. Mnarudisha pesa na kuanza kuhesabu moja. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wazidishe kidogo, maana shilingi nayo hupanda na kushuka dhidi ya pauni. Taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma ombi. Ada ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, hulipwa kando.

Kipimo cha TB cha viza ya Uingereza nifanyie hospitali yoyote? (Msomaji, Rongai)

La. Ni kliniki zilizoidhinishwa tu. Hapa Nairobi ni ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo usipime mapema mno.

Wakala ananiambia kozi yoyote ya koleji Kanada itanipa kibali cha kazi nikimaliza. Nilipe? (Msomaji, Kasarani)

Usilipe kwa neno hilo. Tangu Novemba 2024, wanaosomea diploma na vyeti vya koleji hupata kibali hicho tu ikiwa fani yao imo katika orodha ya serikali ya Kanada. Mwulize wakala msimbo wa programu yako, kisha uutafute mwenyewe kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi hiyo. Karo itumie moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwa Paybill ya wakala. Na kazi ya saa 24 kwa wiki wakati wa masomo haiwezi kulipa karo, ni ya chakula na nauli.

Nikisomea udaktari China nitaruhusiwa kutibu Kenya? (Msomaji, Eastleigh)

Si moja kwa moja. KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya, huwatahini waliosomea nje kabla ya kuwaruhusu kuwa wanagenzi hospitalini. Kabla ya kulipa chochote, liandikie baraza, taja chuo na alama zako za KCSE, na uombe jibu la maandishi. Uliza pia kuhusu lugha: mhadhara unaweza kuwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wodini atakueleza maumivu yake kwa Kichina. Mwanafunzi asiyemwelewa hutoka na cheti bila mazoezi, na pengo hilo huonekana kwenye mtihani wa huku.