Re: Nimeshushwa daraja Amsterdam–Nairobi, nipokee vocha?

Mkuu, kama ulilipia daraja la juu ukakalishwa la chini, usipokee vocha ya shirika badala ya pesa. Ndege yoyote inayoondokea nchi za Umoja wa Ulaya inabanwa na Kanuni 261/2004 ya Umoja huo kuhusu haki za abiria wa ndege, kifungu cha 10: ukishushwa daraja kwenye safari ya zaidi ya kilomita 3,500 kwenda nje ya Umoja huo, unarudishiwa asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho cha safari ulichoshushwa daraja, ndani ya siku 7, kwa pesa. Vocha ni mpaka utie saini kuikubali.

Wengi wanapunjwa hapa: shirika hulipa tofauti tu kati ya nauli yako na ya daraja la kawaida kwa bei ya siku ile, ambayo dakika za mwisho huwa juu, hivyo unaambulia kiduchu. Kataa kabisa. Ila kodi za uwanja hazihesabiwi kwenye hiyo asilimia 75. Tunza kadi zote mbili za kupandia, ya kiti chako cha awali, 4A, na ya kiti ulichohamishiwa.