Barua kwa mwanangu: usiiwashe lokesheni kwenye simu ya mkeo

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Lindi wazima, joto tu ndilo limezidi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, nikaona nikujibu kwa maandishi. Haya si mambo ya kujibiana huku mtu anakaanga samaki.

Unasema umemwomba mkeo akuwashie lokesheni muda wote, ili wewe uliye Dar uone alipo huko Mtwara, naye amekataa. Yako uko tayari kumpa. Sasa unauliza kama kuna ubaya ukija likizo ukaiwasha mwenyewe kwenye simu yake akiwa amelala, maana namba ya siri unaijua. "Mama, kwani mke na mume wana siri gani?"

Ubaya upo, tena mkubwa. Usiiwashe.

Namba ya siri alikupa umsaidie kutuma hela ya ada au kupokea simu akiwa anamwogesha mtoto. Hakukupa ili ufungue na hilo alilokwisha kulikataa mchana kweupe. Na usidhani hatajua. Ile ramani ya Google humkumbusha mwenye akaunti kwamba kuna mtu anamwona alipo. Siku akiusoma huo ujumbe asubuhi anatoka zamu, utamwambia nini?

Najua utanirudisha kwenye Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Kilwa, basi lenu likakwama ukiwa unarudi Dar. Kweli, lokesheni yako ndiyo iliyonipa usingizi. Lakini kumbuka ilivyokuwa. Uliituma mwenyewe kwa WhatsApp, ukachagua muda wa saa 8, ambao ndio mrefu kuliko yote. Mwingine ni wa saa 1 na wa dakika 15. Muda ulipokwisha ikajizima, ukaiwasha tena kwa mkono wako kwa kuwa bado mlikuwa palepale. Ulipofika hukuiwasha tena, na mimi sikukuuliza kulikoni. Wewe ulijua unampa nani, kwa ajili ya nini, mpaka lini, na kuikata hakukuwa na kesi. Hicho unachomtaka mkeo hakina mwisho, na siku akiizima nusu saa, kule kuizima kwenyewe ndiko kutakuwa kosa lake.

Halafu hicho kinukta kwenye ramani usikiamini kiasi hicho. Jirani yetu mmoja aligombana na mumewe jioni nzima kwa sababu simu ilimwonyesha yuko Kitunda, ng'ambo ya maji, na yeye alikuwa sokoni hapahapa mjini, ananunua nazi. Simu ikiwa ndani ya jengo na satelaiti haizipati vizuri, hukisia kwa minara ya mtandao, na hapo inaweza kukosea mbali sana. Mtandao ukikatika, kinukta kinabaki pale kilipoonekana mara ya mwisho. Pembeni huandikwa ni muda gani umepita, lakini kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye hasira hazisomi. Mkeo ni nesi. Atakuwa wodini anabadilisha dripu ya mgonjwa, simu iko kwenye mkoba imeisha chaji, na wewe Mbagala huko unahema.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nastaafu, unajua. Mashauri ya talaka yalikuja kwetu yakiwa yameshapita baraza la usuluhishi, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka, na miaka ya mwisho simu haikukosekana mezani. Mtu anasimama anasema nilimwona alikuwa mahali fulani. Hakimu anamuuliza, alikuwa anafanya nini hapo? Hajui. Amekuja na ramani tu.

Na kwa kuwa umeniuliza ubaya, nikupe na wa kisheria. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Haikuandikwa kwamba akiolewa inakoma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila haki, na simu za siku hizi ni kompyuta. Sikutishi na polisi, mimi mama yako. Nataka tu ujue kwamba uliloliita jambo dogo la nyumbani lina jina huko nje.

Tena hujafikiri habari ya simu yako wewe. Ikiibwa Kariakoo ikiwa imefunguka, mwizi anaona mwanamke mmoja yuko wapi, saa ngapi anatoka kazini, analala wapi.

Mjukuu wangu mkubwa ni habari nyingine, huyo ana miaka kumi na mbili na akienda kwa bibi yake Mikindani peke yake mna haki ya kumfuatilia. Lakini naye mwambieni. Mtoto akigundua mwenyewe, simu ataiacha kwa rafiki yake na aende anakotaka.

Kwa nini mkeo amekataa, sijamuuliza na sitamuuliza, hilo ni lenu. Wewe ndiye hujaniambia unachotaka kujua. Kama ni usalama wake akitoka zamu ya usiku, mwombe akipanda bodaboda akutumie ya dakika 15. Mpaka nyumbani Chuno zinamtosha, na hilo sidhani kama atalikataa. Kama ni wivu, basi mwambie nina wivu, mke wangu, miezi minne hatujaonana. Utaona aibu kulitamka, lakini anaweza kukujibu. Mpigie kesho mchana akishaamka, usianze na lokesheni, muulize kwanza amekula nini.

Mjomba wako anakusalimu. Korosho zimeshafika AMCOS, chama chetu cha ushirika, tunasubiri mnada. Hela ikiingia nitakutumia nusu ya ile uliyotukopesha ya salfa ya mikorosho, iliyobaki nisubiri mpaka mnada ujao.

Mama yako