Zebaki mkononi sio kesi kubwa, kesi ni mvuke na vumbi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kweli zebaki ina madhara, maana mdogo wako kaingia kwenye kuchenjua dhahabu na anakwambia wazee aliowakuta pale wanaishika kwa mikono mitupu miaka nenda rudi na wako fiti tu, na siku hizi anarudi nyumbani na donge, yaani zebaki iliyoshikana na dhahabu, anachomea jikoni ili zebaki itoke ibaki dhahabu, huku shemeji yako ni mjamzito. Mi nimeifanya hii kazi miaka mingi, nimeanzia kwenye karasha nasaga mawe, nikahamia kwenye kuosha na kuchoma, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyofundishwa na watu wa afya waliokuja machimboni baadae. Ila kabla hujamaliza kusoma mpigie simu kwanza, mwambie leo hii aache kuchomea ndani. Mengine yanaweza kusubiri, hilo hapana.

Sasa turudi kwa wazee. Hawadanganyi, wanasema walichokiona. Zebaki ikiwa ya maji na ya baridi inapenya ngozi kidogo sana, ndo maana mtu anaishika mwaka mzima na haoni kitu, na akishazoea hivyo hata ukimweleza anaona unamtisha bure. Lakini zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 hivi, na moto wa mkaa unafika huko bila shida, na ikishakuwa mvuke haina rangi wala harufu, ukiuvuta karibu asilimia 80 yake inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, inapanda kwenye ubongo, inakwenda kwenye figo, na kwa mama mjamzito inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto. Donge lenyewe hata ulikamue vipi kwenye kitambaa karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Sasa piga hesabu, kila anapochoma jikoni ile nusu yote inakwenda wapi? Inapanda, inapoa, inashika kwenye bati, kuta, nguo zilizotundikwa, masufuria, na kesho jikoni likipata joto inaanza kutoka tena kidogo kidogo, na anayeshinda humo kutwa ni mkewe.

Nimefanya kazi na mzee mmoja ambaye yeye alikuwa mchomaji tu, kila mtu anampelekea donge lake. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka kikombe anakishika kwa mikono miwili, jina lake mwenyewe akiandika halisomeki, usingizi hana, fizi zinavimba, na mtu aliyekuwa mpole akawa anawaka hasira kwa jambo dogo kisha baadae anakaa analia. Watu walisema pombe. Mzee yule hakuwa mnywaji kabisa, na iliniuma sana kuona anachekwa kwa ugonjwa alioupata kwa kutuchomea sisi dhahabu zetu. Kwa hiyo mwambie mdogo wako awaangalie vizuri hao wazee walio fiti, awape kalamu wachore mstari ulionyooka.

Na kuna mmoja hapo juu kasema bora ivaliwe maski. Maski ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa zebaki hata kidogo, unapita kama hewa nyingine, inatakiwa ile yenye kichujio maalumu cha zebaki na hata hiyo kichujio kinaisha nguvu. Usimpe mtu moyo kwa kitu ambacho hakimsaidii.

Dunia ililijua hili kwa gharama kubwa. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, mwaka 1956 ndo ugonjwa ukatambuliwa rasmi, watu walikula samaki wakaharibika mishipa ya fahamu na watoto wakazaliwa na ulemavu wakati mama zao wengine hawakuonesha dalili kubwa. Ndo lilikotoka jina la Mkataba wa Minamata, makubaliano ya nchi za dunia ya kudhibiti zebaki, ulipitishwa 2013 ukaanza kufanya kazi 2017. Inafika kwa samaki hivi: tunaosha, marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, yanabaki na zebaki, mvua inayapeleka mtoni, vijidudu kwenye tope vinaibadilisha kuwa aina nyingine mbaya zaidi ambayo samaki wanaihifadhi mwilini, mdogo analiwa na mkubwa, na mkubwa ndo tunamla sisi. Kwa hiyo anayeumia anaweza kuwa mtu wa mbali kabisa ambaye hajawahi kuiona hiyo dhahabu.

Mkataba wenyewe haukusema wachimbaji wadogo tufukuzwe, na hapa naomba watu waelewe maana kila zebaki ikitajwa wanaogopa kufungiwa. Umetaja mambo manne ya kukomesha: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge wazi, kuchoma maeneo wanapoishi watu, na kuweka sayanaidi, ile sumu ya kuyeyushia dhahabu, kwenye marudio ambayo yana zebaki ndani bila kuitoa kwanza. Hili la mwisho wengi hawalijui, sayanaidi inaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, afu ikitoka hapo inasafiri na maji kirahisi kuliko mwanzo.

Kwa hiyo kama ataendelea, cha kwanza apunguze mchanga kabla ya zebaki, yaani aoshe vizuri kwenye mbao na karai mpaka abaki na ule mzito tu mchache, zebaki aitie hapo, atatumia kidogo sana ukilinganisha na kuimwaga kwenye mzigo wote, na hapotezi dhahabu. Cha pili ritoti. Ni chungu cha chuma kinachofungwa kabisa, kina paipu inayotoka juu na kuinama chini, mvuke unapita kwenye paipu iliyozungushiwa kitambaa kibichi unapoa unarudi kuwa zebaki, unaikinga kwenye chombo chenye maji. Ikiwa imefungwa vizuri inarudisha zaidi ya asilimia 90 na anaitumia tena. Ila mdomo wa paipu usizame kwenye maji, chungu kikianza kupoa kinayavuta maji juu na kinaweza kupasuka, na asikifungue kikiwa cha moto eti aone dhahabu. Yote haya nje, mbali na nyumba, na nguo za kazi zibaki huko huko. Akishauza, mnunuzi anayeyusha tena na ile zebaki iliyobaki inatoka, asikae pale dukani kuangalia moto.

Sasa vumbi, maana hilo ndo limewamaliza wenzangu wengi wa karasha kuliko zebaki. Mawe ya dhahabu mengi yana kwazi, ule mwamba mweupe, ukisagwa mkavu unatoa vumbi laini ambalo lile la hatari jicho halilioni, linakwenda mpaka mwisho wa mapafu linatengeneza makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Unamfungulia mtu mlango wa TB pia, wengine wanameza dawa za TB wanamaliza kikohozi kiko pale pale, pumzi inazidi kukatika akipanda hata kilima kidogo. Kinga ni maji, mawe yalowe kabla ya kusagwa na mtoboaji atoboe kwa maji. Na mawe yasisagwe nyumbani, narudia hilo kwa sababu ya Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe yao ya dhahabu yalikuwa na risasi nyingi, ile madini ya risasi, yakasagwa kwenye makazi na watoto zaidi ya 400 wakafa. Watoto, na hawakushika hata sururu.

Aliyeshauri jamaa ahamie makaa ya mawe kwa kuwa hayana zebaki, huko nako vumbi lake linaleta mapafu meusi, na kuna gesi ya methani ambayo ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche. Vumbi lenyewe la makaa linalipuka pia, Courrières kule Ufaransa mwaka 1906 walikufa watu 1,099. Kwa hiyo sio kimbilio.

Kuhusu shemeji, asilale wala kupika humo mpaka pasafishwe, pafutwe kwa maji na kitambaa kibichi bila kufagia na bila kuwasha moto. Kliniki aseme wazi kwamba nyumbani kulikuwa kunachomwa zebaki, wasipoambiwa hawawezi kuwaza hicho kitu. Mdogo wako apime mkojo, ndo unaoonesha mvuke wa zebaki aliouvuta, na kama amekaa karasha aombe eksirei ya kifua na amtajie daktari kazi yake ni ipi. Akitaka vipimo vya kuchomelea ritoti niandikie inbox, nimeshawachorea vijana wengi na mafundi wa kawaida wa kuchomelea wanaiweza.