Mama Bustani Anajibu: Dogwudi Inakauka, Haichanui, na Je, Moshi Itakubali?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za mti mmoja tu, dogwudi, ule wa maua meupe au ya pinki unaochanua Aprili kwenye yadi za Maryland, Virginia, Carolina mpaka Georgia, na wengi walioandika ni watu wetu walionunua nyumba huko wakaukuta mti ushapandwa. Nimechagua hizi tano, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona ndo tatizo la wengi.

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Tulihamia nyumba yetu hapa Richmond, Virginia, mwaka jana. Mbele katikati ya nyasi kuna dogwudi, springi ilitoa maua hadi majirani wakawa wanasimama kupiga picha, lakini tangu Julai majani yanajikunja na kingo zake zimekauka zimekuwa kahawia. Chini kwenye shina ganda limebanduka upande mmoja na kuna vumbi kama la msumeno. Mume wangu kaongeza mbolea ya nyasi, naona ndo kabisa. Tuukate?

JIBU: Marahaba mwanangu, msiukate kwanza. Huo mti mnaokaa nao ndo mti wa jimbo lenu, Virginia waliuchagua kuwa mti wao rasmi mwaka 1956 na ua lake walishalichukua toka 1918, kwa hiyo upo nyumbani kabisa, shida ni pale alipouweka aliyeupanda.

Dogwudi kwao ni msituni, tena chini ya miti mingine. Mwezi wa nne ukipanda na gari kule milima ya Blue Ridge utaiona imechanua chini ya mialoni mirefu ambayo haijatoa hata jani, na majani ya mialoni yakishatoka yanaifunika kipindi chote cha joto. Mizizi yake iko juujuu sana, imezoea udongo wenye asidi kidogo, uliojaa majani yaliyooza, hauji kukauka kabisa na wala hautuamishi maji. Sasa mtu anauchukua mti wa hivyo anaupanda katikati ya nyasi, jua la Agosti linaupiga toka asubuhi mpaka jioni, nyasi zinanyonya maji yote ya juu kabla mizizi haijayaona, na kila Jumamosi mashine inapita. Kingo za majani kukauka hivyo mara nyingi ni kiu na joto, yaani mizizi haiwezi kupandisha maji haraka kama jani linavyoyapoteza.

Mbolea acheni kabisa kwa sasa. Mti wenye kiu ukiumwagia mbolea chumvi yake inaunguza mizizi, unazidi kudhoofika. Halafu angalia vizuri mfuko wa hiyo mbolea ya nyasi maana nyingi zinachanganywa na dawa ya kuua magugu ya majani mapana, na dogwudi ni ya majani mapana, mizizi yake inaenda mbali chini ya hizo nyasi na inainywa dawa ile ile.

Ganda lililobanduka ndo linanitia wasiwasi zaidi. Piga goti, uchungulie sentimita kumi na tano za chini za shina, pembeni ya kidonda. Ukikuta vikovu vya mkato wa kulala vimepangana upande ule mashine inapogeukia, jibu unalo, ni mashine ya kukatia nyasi au ile ndogo ya uzi. Ganda la dogwudi ni jembamba, uzi ule unalichana mara moja. Kuna nondo fulani wa mabawa ya kioo anatafuta majeraha kama hayo, anataga pale, funza wake wanaingia chini ya ganda wanakula ile sehemu laini inayopitisha chakula, na hilo vumbi uliloliona ni uchafu wao. Wakizunguka shina lote mti unakufa, hakuna dawa. Wakiwa upande mmoja tu kama ulivyosema mti unaweza ukapona vizuri sana.

Fanyeni hivi wiki hii hii. Toeni nyasi kuzunguka shina, angalau mita moja kila upande, msichimbe kwa nguvu mkakata mizizi, zikwangueni tu juu. Mwageni matandazo, chips za mbao au majani makavu, unene wa sentimita tano mpaka kumi, lakini yasiguse shina, acheni nafasi ya kiganja. Naona watu Marekani wanarundika matandazo shinani kama kichuguu, tafadhali msifanye hivyo, ganda linakaa na maji linaoza na panya wanahamia humo. Kisha maji, mara moja kwa wiki kama hakuna mvua, taratibu kwa muda mrefu mpaka yazame, siyo kurashia kila jioni. Kidonda msikipake rangi wala lami, kiacheni wazi mti ujifunge wenyewe. Na mwambie baba watoto mashine sasa ikae mbali na lile duara, hilo peke yake litauokoa mti kuliko chochote cha kununua dukani.

SWALI: Mambo Mama Bustani, niko Baltimore. Wanangu wanaokota zile tunda nyekundu za dogwudi, zinaliwa? Mmoja kashaweka mdomoni.

JIBU: Poa mwanangu. Za dogwudi ya Marekani haziliwi, ni chungu na zinaweza kuvuruga tumbo, waache ndege ndo wanaozisubiri. Aliyeonja moja akaitema usiwe na hofu sana, msafishe mdomo mpe maji, ila kama kameza nyingi au anatapika piga simu kituo cha sumu cha huko mara moja. Ipo dogwudi nyingine ya kutoka Japani, Korea na China inaitwa kousa, tunda lake ni la duara, lina vipelepele na linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, hilo ndo linaliwa, nyama yake laini na ina utamu. Hakikisha kwanza una mti upi.

SWALI: Mama, dogwudi yangu ina afya, majani mazuri, lakini maua hakuna kabisa au yanatoka mawili matatu. Niko Raleigh, North Carolina. Kila Februari naipogoa vizuri kabla springi haijaanza ili ipate nguvu. Shida nini?

JIBU: Shida ni huo mkasi wa Februari kaka yangu. Dogwudi inatengeneza maua ya mwakani kipindi hiki hiki cha joto, kufika vuli vitumba vishakamilika vinasubiri baridi ipite. Nenda kwenye mti mwezi wa kumi na mbili majani yakiwa yameanguka, angalia ncha za matawi, utaona vitu viwili. Kuna vincha vyembamba vilivyochongoka, hivyo ni majani. Na kuna vifundo vya mviringo vilivyobonyea kidogo, vya kijivu, vimekaa juu ya kijiti kama vifungo vya shati, kila kimoja hapo ni ua zima limekunjwa ndani. Wewe ukipita Februari unakata ncha zote, unatupa maua ya mwaka mzima kwenye pipa la taka. Kama lazima upogoe fanya hivyo mara tu baada ya maua kuisha, na utoe tu matawi yaliyokufa au yanayosuguana, huu mti una umbo lake zuri wenyewe, matawi yanalala ngazi kwa ngazi, haupendi kunyolewa.

Ukiacha mkasi na bado haichanui, tazama kivuli. Kwenye giza kabisa chini ya miti mizito inatoa majani tu, inataka jua la asubuhi kwa muda wa masaa manne hivi halafu kivuli mchana. Na naitrojeni nyingi ya mbolea ya nyasi nayo inaisukuma kwenye majani.

Halafu jambo moja ambalo wasomaji wengi hawalijui, yale mapana manne meupe siyo petali. Ni majani yaliyogeuka rangi, sawasawa na bogenivilia yetu ya pwani ambayo ile pinki yake ni majani. Ua lenyewe ni vile vidogo vya kijani na njano vilivyojikusanya katikati, chukua moja uliangalie kwa karibu utavihesabu.

SWALI: Shikamoo Mama. Dada yangu yuko Atlanta kanitumia picha za huo mti nikaupenda sana. Mimi niko Marangu, huku baridi ipo, je akiniletea mbegu itaota?

JIBU: Marahaba mama. Mbegu inaweza ikaota maana ukiiweka kwenye friji na mchanga wenye unyevu miezi mitatu minne inadanganyika kwamba winta imepita. Tatizo linakuja baadaye. Mti wenyewe kila mwaka unataka winta ya kweli, upukutishe majani, ulale wiki nyingi kwenye baridi kali ndo uamke kuchanua, na baridi ya Marangu pamoja na ukali wake wa Julai haifiki huko, itabaki inasinzia nusu nusu bila maua. Na mbegu zisifichwe kwenye sanduku, zinataka kibali na cheti cha afya ya mimea, wanaohusika Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuna magonjwa yanasafiri hivyo hivyo kwenye mizigo ya watu.

Ila nikwambie kitu kitakachokufurahisha, ndugu wa dogwudi yupo hapo juu kwako. Kwenye msitu wa mlima Kilimanjaro, na Mlima Kenya pia, kuna Cornus volkensii, ukoo ule ule kabisa, haupukutishi majani, dume na jike ni miti tofauti. Maua yake ni madogo hayana ule weupe mpana, ndo maana watu wanapita chini yake bila kuinua macho. Ukitaka weupe wa kujaza mti panda mringaringa, kwenu Uchagani mnao kwenye vihamba unaopea kahawa kivuli, ukichanua ni mweupe mti mzima na nyuki hawaondoki.

SWALI: Mama Bustani tuko Silver Spring, Maryland, tunataka kupanda dogwudi yetu ya kwanza. Jirani anasema isipandwe itakufa kwa ugonjwa. Kweli?

JIBU: Jirani hajatunga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 uliingia ugonjwa wa chule ya dogwudi, ni fangasi, ukaua miti mingi sana kwenye misitu ya mashariki, na moja ya sehemu zilizopigwa vibaya ni msitu wa mlima Catoctin huko huko Maryland. Madoa ya kahawia yenye ukingo wa zambarau yanaanzia matawi ya chini, majani yanakufa yanabaki yananing'inia winta nzima, kisha matawi yanakauka kupanda juu. Ugonjwa huu unapenda ubaridi, unyevu na kivuli kizito, kwa hiyo mti uliopandwa pakavu penye jua la asubuhi linalokausha umande hauupati kirahisi. Na kwenye msitu ule ule wa Catoctin ulionekana mti mmoja umesimama mzima katikati ya iliyokufa, watu wa Chuo Kikuu cha Tennessee wakauzalisha, ndo inayoitwa Appalachian Spring. Ulizeni hiyo. Ikiwa yadi yenu inasumbuliwa zaidi na ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, ulizeni Appalachian Joy au Appalachian Snow. Kousa nayo inavumilia yote mawili ila inachanua kama mwezi mmoja nyuma.

Kung'oa miche porini msijaribu, ikihamishwa hivyo mingi inakufa. Mkifika nasari ya miche msichague mrefu kuliko yote, chagueni usio na jeraha shinani na wenye matawi kila upande. Pandeni springi mapema, shimo liwe pana mara mbili tatu ya bonge la mizizi lakini kina kisizidi bonge lenyewe, na pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Hapo pekee mkipafukia mtakuja kuniandikia tena baada ya miaka mitatu.