Kukusanya Kadi za Zamani za Timu: Picha, Mali na Zaka

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Chikongola, Mtwara, mpenzi wa Arsenal tangu utotoni. Ndugu yangu aliyeko Uingereza hunitafutia kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa timu hiyo, nyingine za miaka ya 1930 zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara. Nimezibandika ukutani sebuleni, ambapo ndipo tunaposwali. Mke wangu hapendi, anasema ni masanamu. Tena natamani kununua zile pakiti mpya za kadi zilizofungwa, usizojua kilichomo, huenda nikabahatika kupata kadi adimu nikaiuza. Sheria inasemaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Asili ya kukusanya vitu vya kale ni halali, na kuipenda timu iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mara 5 katika miaka hiyo ya 1930 si dhambi. Kutiwa kwenye sigara pia kusikusumbue: kadi ile leo haimuuzii mtu tumbaku.

Kwenye ukuta, haki iko kwa mke wako. Amepokea Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kwamba Bibi Aisha alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akamwambia aliondoe, kwa kuwa picha zake hazikuacha kumjia akiwa ndani ya swala. Ikiwa yeye alisema hivyo, sisi tutasemaje, tunaosoma Fatiha huku macho yako kwa washambuliaji? Isitoshe, kadi nyingi za zama zile zilichorwa kwa mkono kabla ya kuchapwa. Picha ya kamera wanazuoni wa leo wamehitilafiana, na wengi wameiruhusu. Ya kuchora kiumbe chenye roho ni nzito zaidi, na madhehebu yetu ya Shafi hayakubali itundikwe kwa kutukuzwa. Zibandue leo, uzitie kwenye albamu, albamu iingie sandukuni. Ukitaka kuzitazama, uzifungue, kisha uzirudishe.

Pakiti zilizofungwa ndizo zinazonitia hofu. Imepokewa na Imamu Muslim, naye mkusanyaji wa hadithi, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ya kitu kisichojulikana. Mtoto anayenunua pakiti ya bei ndogo ili ajaze albamu yake, wapo wanazuoni waliolegeza. Wewe unataka kutoa fedha nyingi kwa tamaa ya kadi moja ambayo huenda haimo, na ukiikosa umekula hasara. Hiyo inakaribia mno maysir, yaani kamari, iliyotajwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Iache. Nunua kadi unayoiona, mbele na nyuma. Anayekuuzia ni wajibu akwambie kama pembe zimeliwa au kama ni nakala iliyochapwa upya, na wewe ukiuza uwe hivyo hivyo, kwani Mtume amesema anayetughushi si katika sisi. Kubadilishana kadi 1 kwa 3 hakuna riba ndani yake; kadi si dhahabu, si fedha, wala si chakula.

Hujaniambia unatumia kiasi gani, nami hilo ningelitaka kulijua kuliko yote. Malipo ya korosho yakiingia, kila mtu hapa kwetu hujiona tajiri kwa wiki chache. Kabla hujamtumia ndugu yako fedha, madeni yamelipwa? Watoto wana sare na madaftari? Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, yamtosha mtu dhambi kuwapuuza wale anaowalisha. Kinachobaki baada ya hapo, kitumie kwa kiasi.

Kadi ulizonunua kwa kuzipenda hazina zaka, hata zikipanda bei. Zile utakazonunua kwa nia ya kuuza ni mali ya biashara: mwaka wa Hijria ukitimia, zikadirie kwa bei ya sokoni siku hiyo, na thamani ikifikia gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Kwa hiyo zitenge mafungu mawili tangu siku ya kununua, usichanganye.

Wallahu aalam.